Injini Yenye Teke

Mjomba wangu ni fundi wa mashine zinazopiga kelele nje ya nyumba: za kukata nyasi, pampu za maji, misumeno ya kuangushia miti, jenereta ndogo. Vya ndani hataki. Ukimpelekea pasi au feni atakutazama kama umemtukania ukoo, akwambie, "Hivyo peleka kwa mafundi wanaofanya kazi wamekaa." Mtaani wanamwita Plagi, kwa sababu chochote utakachompelekea, hujamaliza kueleza kinaumwa wapi, yeye ameshachomoa plagi ya cheche kwenye injini, ameinusa, na hukumu imepita. Mara nyingi huhukumu sawa. Akikosea usijaribu kumwambia, utapoteza siku yako bure.

Kwa injini ni msemaji, hata huwa anazibembeleza. Kwa watu ni bubu wa kujitakia. Neno "samahani" sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwake tangu nipate akili. Akikukosea atakutengenezea kitu. Jirani aliyegombana naye juu ya uzio aliamka akakuta toroli lake limewekwa gurudumu jipya, na jirani, kwa kuwa ni mtu mwelewa, akajua ameombwa radhi.

Karakana yake ni kibanda cha mabati kwenye mteremko wa kwenda sokoni, na sakafu yake ya udongo imekunywa oili mpaka ikawa nyeusi na ngumu kama saruji. Kuna benchi moja la mbao lenye jiliwa ya kubania vyuma, na ukutani zimening'inia kamba za kuwashia, mikanda, na makava ya injini zilizokufa zamani. Humo ndimo alimokuwa akifanya jambo lililomletea sifa mjini: kuozesha. Mashine ya kukata nyasi huoza bodi mapema, kwa majani mabichi na maji, lakini injini hubaki nzima. Pampu nayo hufa injini, tumbo likabaki zima. Mjomba alimchukua mjane huyu na mgane yule, akawafunga kwa boliti, na jioni akapita kwetu amesimama kifua mbele.

"Leo nimeozesha," alikuwa akisema.

"Na mahari umepokea, au umetoa binti bure kama kawaida yako?" mama yangu alikuwa akimjibu, enzi hizo walipokuwa wanataniana.

Mama ni dada yake mkubwa. Ni fundi wa nguo, hasa sare za shule, na wateja wanamwita Mama Vifungo kwa sababu matundu ya vifungo alikuwa akiyashona kwa mkono. Mafundi wengine walikuwa na mashine ya kuyashona. Mama alisema mashine inatafuna kitambaa, mkono unakiuliza kwanza. Mtoto angeweza kulirithi shati lile kutoka kwa kaka yake na tundu likawa bado halijafumuka. Mimi nilikuwa mpiga pasi wake, na mpaka leo naishi naye.

Utani kati yao uliisha mwaka aliokufa bibi. Siku ile mama alimpigia simu mdogo wake asubuhi, aje na pikapu ya rafiki yake, bibi apelekwe hospitali. Mjomba alikuwa ameshafungua injini ya mteja, vipande viko juu ya benchi. Akasema, "Dakika mbili, dada, naifunga nakuja." Dakika mbili za fundi unazijua. Alifika alasiri. Bibi alifia hospitali siku ya pili yake, na daktari alisema wazi kwamba hata tungemfikisha alfajiri isingesaidia. Mama alimshukuru daktari. Kwa mdogo wake hakusema kitu, si siku ile wala mwaka mzima uliofuata. Alimpikia alipokuja, alimjibu salamu, na basi.

Kisha asubuhi moja Mjomba akaja na pampu kwenye toroli. Nyuma ya nyumba yetu kuna kisima, na kwa miaka yote mama alikuwa akivuta maji kwa ndoo na kamba, kwa kufulia vitambaa vipya na kwa bustani yake ya mboga. Mjomba alikuwa ameozesha. Tumbo la pampu alilitoa kwa mwosha magari, na injini, ambayo ilikuwa nyekundu inang'aa, aliitoa kwenye mashine ya kukata nyasi ya shule moja, ambayo bodi yake ilikuwa imebaki kutu tupu. Hakusema ameleta nini wala kwa nini. Alisema tu, "Niweke wapi?" Mama akasema, "Weka pale." Akaunga mpira, akaupeleka mpaka kwenye simtanki, akaiwasha, na maji yakapanda. Mama alisimama akiyatazama, mikono kiunoni. Mjomba akafunga vifaa vyake akaenda zake, na mimi nikajua kwamba nimeshuhudia msamaha ukiombwa. Kama ulitolewa, sikujua.

Kabla hajaondoka alimfundisha mama kuwasha, kama alivyomfundisha kila mteja. Vipini vya plastiki vya kamba ya kuwashia huvunjika, kwa hiyo yeye alivitupa mapema na kufunga fundo. "Zungusha kamba kiganjani mara moja, dada. Vuta kwa mpigo mmoja, usisite. Hizi nyekundu zina teke."

Ni kweli zilikuwa na teke. Mashine zile nyekundu zilikuwa zimeingia mjini kwa wingi, shule na hoteli zikanunua, na kila aliyezitumia alijua kwamba mara mojamoja, ukivuta kamba, injini inakohoa na kugeuka kinyume, inakunyang'anya kamba mkononi. Sisi tuliona huo ndio uhodari wake. Wanaume walionyeshana viganja vilivyochubuka wakacheka. Mjomba mwenyewe alikuwa na msemo wake: "Punda asiyepiga teke ni wa kwenye picha." Mpaka leo nikiukumbuka msemo huo nakaza meno.

Tangazo lilikuja kwa redio, kisha likabandikwa kwenye mlango wa wakala aliyekuwa akiziuza. Kampuni iliyotengeneza ilikuwa inaziita zirudi. Injini zilikuwa na kasoro kiwandani, zinawaka kabla ya wakati wake, na teke lile tulilolisifu lilikuwa limeshavunja watu mikono na vidole katika miji mingine. Wenye mashine nyekundu za kukatia nyasi waache kuzitumia mara moja, wazilete, watapewa injini nyingine bila malipo.

Unaona mwenyewe tatizo. Tangazo lilisema mashine za kukatia nyasi. Nusu ya injini zile hazikuwa tena kwenye mashine za kukatia nyasi. Zilikuwa zimeolewa. Mwenye pampu alisikiliza redio akaendelea kunywa chai yake, maana yeye hana nyasi. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua injini ipi imekwenda nyumba ipi, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa wakala, akisoma.

Nitampa haki yake, kwa sababu anastahili. Hakulilalia jambo lile. Alifunga karakana akaenda kwa mguu nyumba kwa nyumba: kwa mwosha magari, kwa mchoma matofali, kwa mzee wa kitalu cha miche, kwa seremala aliyefungiwa moja kwenye msumeno wa meza. Kila mlangoni alisema kwa sauti, mbele ya wake na watoto, "Injini niliyokufungia ni mbovu. Usiivute tena. Naichukua, nitakuletea nyingine." Wapo waliomcheka, wapo waliomsema. Seremala alimwambia, "Kumbe ndoa zako zina talaka!" Alimeza yote. Kwa wakala alibishana na mfanyakazi aliyetaka mashine nzima zenye bodi, mpaka meneja akatoka akakubali kupokea injini peke yake. Wote hao alikuwa amewauzia. Kwa watu aliowauzia, ulimi wake ulifanya kazi.

Akabaki mtu mmoja ambaye hakumuuzia.

Kwetu alikuja wa mwisho. Nilikuwa barazani napiga pasi sketi za darasa la kwanza, mama yuko kwenye cherehani. Mjomba hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, bega moja kwenye fremu, akisugua viatu chini kama ana tope.

"Dada, hujambo."

"Sijambo, mdogo wangu. Karibu, mbona unasimama kama mdai?"

"Napita tu. Nilikuwa nataka... ile pampu. Niichukue kidogo nikaifanyie sevisi."

Mama hakuinua kichwa. "Sevisi ya nini? Inawaka vizuri."

"Basi tu, ni kawaida. Injini inataka kuangaliwa."

"Iangalie hapa hapa. Si una mikono?"

"Hapa haiwezekani. Vifaa viko kule."

Sasa mama akainua kichwa, akamtazama kwa muda. Alikuwa amesikia tangazo kama sisi sote, na kama sisi sote alikuwa ameelewa kwamba linahusu nyasi; aliyoyasema Mjomba kwenye nyumba za watu yalikuwa bado hayajatufikia. Alichokiona pale mlangoni ni mdogo wake ambaye hajawahi kudanganya vizuri, anayedanganya sasa.

"Umepata mteja," akasema. "Sema tu. Umepata mtu anayeitaka, una shida ya pesa, unaona haya kuniambia."

"Hapana, dada! Mteja wa wapi?"

"Basi niachie pampu yangu. Aliyepewa kapewa. Nikirudi kwenye ndoo na kamba, huu mgongo wangu utauambia nini wewe?"

Hapo ndipo alipotakiwa kulisema. Sentensi ile ile aliyoisema kwa seremala, maneno yale yale, yangetosha. Au kama maneno yalimshinda, angezunguka nyuma ya nyumba akachomoa plagi, akaitia mfukoni, mwisho wa habari. Yeye, Plagi! Lakini alisimama, akanitazama mimi, akatazama sketi, akasema, "Haya. Nitakuja Jumamosi basi." Akaenda. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na nilikuwa nadhani ni methali ya kuchekesha.

Alichokuwa nacho kichwani nilikuja kukijua baadaye. Alipanga kuchukua injini mpya kwa wakala, aje nayo, abadilishe kimyakimya, mama asijue kitu. Pampu ibaki pampu ile ile, zawadi ibaki zawadi. Lakini injini mpya walizoleta zilikuwa nyeusi. Mama angeuliza. Kwa hiyo mjomba wangu, mtu mzima mwenye mvi, alinunua kopo la rangi nyekundu, akaipaka injini mpya ifanane na ile mbovu, akaitundika kibandani ikauke. Siku ilikuwa ya mawingu na rangi haikukauka upesi. Akapaka mkono wa pili wa rangi.

Jumamosi asubuhi simtanki lilikuwa tupu na mama alikuwa na kitambaa cha kuloweka. Nilimsikia akipita jikoni. Nilisikia injini ikikohoa mara moja, ikanyamaza. Ikakohoa tena, kisha pakawa na mlio mfupi, kama mbao inayokatika. Mama hakupiga kelele. Alitokea mlangoni ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, uso wake umepauka, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima pasi. Twende hospitali." Kamba ilikuwa bado imezunguka kiganja, mara moja, kama alivyofundishwa. Ilikuwa imekatika kwa chini.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na kidole gumba kilikuwa kimeng'oka mahali pake, mishipa imechanika. Daktari alisema mifupa itaunga. Kuhusu kidole gumba alianza kuzungumza polepole, na ukiona daktari amepunguza mwendo ujue kuna shimo mbele. Kitashika kikombe, alisema. Kazi ndogondogo za vidole, asitegemee.

Mjomba alitukuta wodini. Sijui nani alimwambia. Aliingia anahema, akasimama miguuni pa kitanda, na mama akamtazama mikono. Ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kucha. Kwa sekunde moja nilidhani ni damu.

"Hiyo ni nini mkononi?" mama akauliza.

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

Mjomba akaficha mikono nyuma, kama mtoto. Halafu akaitoa. "Ya injini, dada. Nilikuwa naipaka nyingine, nije nikubadilishie leo."

"Kubadilisha. Si ulisema sevisi?"

"Ile ni mbovu. Ni zile za kwenye tangazo. Zinageuka kinyume, zinavunja watu mikono."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

"Kwa hiyo siku ile umesimama mlangoni kwangu, ulijua."

"Nilijua, dada."

"Ukaniambia sevisi."

"Nilikwambia sevisi."

"Toka," mama akasema, bila kupandisha sauti. Mjomba akatoka. Nilimfuata mpaka uani, na huko nilimwambia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake, na siyajutii yote. Hakujitetea. Alisema, "Sema, mjomba, sema yote," akinipa jina tulilozoea kuitana, na hilo ndilo lililoninyamazisha.

Wiki zilizofuata alikuja kila siku na hakupita mlangoni. Aliing'oa ile injini akaipeleka kwa wakala. Akafunga nyingine, yenye rangi ya mikono miwili, na alikuwa akiiwasha yeye mwenyewe asubuhi, anajaza simtanki, anaondoka. Alimwambia kila mtu mtaani alichofanya. Kwa mwosha magari, kwa seremala, kwa mke wa seremala, alisimama akasema, "Dada yangu nilimficha." Watu walichoka kumsikia. Mficha uchi hazai, lakini yeye alikuwa ameufichua uchi wake baada ya mtoto kufia tumboni, na haikumsaidia mtu.

Plasta ilipotolewa, mama alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akaomba sindano, uzi na shati moja la majaribio. Nilimtungia uzi. Alijaribu tundu moja. Sindano ilianguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena, na ikaanguka tena. Nyuma ya nyumba pampu ilikuwa inanguruma, kisha ikazimwa. Mama akasema, "Mwite."

Mjomba aliingia, akaambiwa akae, akakaa ukingoni mwa stuli. Alimwona dada yake na shati mapajani. Na hapo, bila kuulizwa, ulimi ule uliokuwa umefungwa miaka yote ukafunguka. Alianza kwa bibi. Alisema kwamba siku ile angeweza kuiacha injini kwenye benchi, kwamba vipande visingekimbia, kwamba alijua ni dharura na akajidanganya. Alisema pampu aliileta kwa ajili ya hilo, kwa sababu hakujua aseme nini. Na tangazo lilipotoka, alisema, aliona akisema injini ni mbovu atakuwa amemnyang'anya kile kitu kimoja alichowahi kumpa, na watarudi kule kule, kwenye salamu na basi. Alikuwa analia na anaongea, na kamasi zinamtoka, mzee mzima.

"Nisamehe ya mama," akasema. "Hata hilo moja tu."

Mama alilaza shati juu ya cherehani, akalinyoosha kola kwa mkono wa kushoto.

"Ya mama niliyamaliza siku ile ile maji yalipopanda kwenye mpira," akasema. "Nilisimama pale nikayamaliza yote. Hukuwa na haja ya kuogopa kitu. Sikukwambia tu."

Mjomba akamkodolea macho. Niliona jinsi maneno yalivyomwingia, taratibu, na jinsi yalivyokuwa mabaya kuliko kufukuzwa. Mama naye aliona, maana aligeuza uso dirishani.

"Wewe hukusema na mimi sikusema," akasema. "Tumezaliwa tumbo moja kweli."

Mwishowe Mjomba akauliza, kwa sauti ndogo, "Na haya ya mkono, dada?"

"Haya ya mkono bado, mdogo wangu. Haya hata sijaanza."

Mjomba akasema atasubiri.